Jibu Lisilokuwa Lake

Nyumba ya dobi haina asubuhi ya kulala. Jua lilipochungulia tu, mama alikuwa ameshaloweka mashuka, na watoto wake wawili walikuwa mezani wakipanga nguo zilizopigwa pasi jana yake. Msichana alikunja, mvulana alikagua pindo. Kila nyumba iliyoleta nguo kwao ilikuwa na rangi yake ya uzi, na mama alishona uzi huo ndani ya pindo ili shati la huyu lisiende kwa yule. Mwekundu ulikuwa wa kinyozi, wa kijani ulikuwa wa nyumba ya wageni, wa manjano ulikuwa wa muuguzi mstaafu. Mvulana alizijua rangi zote kwa moyo. Hata mama akichanganyikiwa, alimwonyesha pindo, naye akanyoosha kidole upande wa nyumba inayohusika.

Watoto hao walikuwa na majina mazuri ya kuzaliwa, lakini yalitumika shuleni tu wakati wa kuita mahudhurio. Mtaani msichana aliitwa Chiriku, kwa sababu ndege huyo hanyamazi na yeye pia hakunyamaza. Alikuwa darasa la saba, na alikuwa na maneno ya kutumia mwenyewe na mengine ya kuazima watu. Mdogo wake wa darasa la nne aliitwa Mzee. Tangu alipojua kutembea alipenda kuweka mikono nyuma na kwenda polepole, kama mtu anayekagua shamba lake.

Mzee alikuwa na kigugumizi. Maneno yalimjaa kichwani kama yanavyomjaa mtu yeyote, ila yakifika mdomoni mengine yaligoma. Siku nzuri aliyarudiarudia mpaka yakatoka. Siku mbaya neno lilikwama kabisa, akabaki mdomo wazi na shingo imekaza, huku watu wakitazama viatu vyao. Hapo ndipo Chiriku alipoingia. Alisikia silabi ya kwanza tu, akadaka neno hewani, akamalizia sentensi nzima na nyingine ya ziada. Dukani aliagiza kwa niaba yake. Baba yao, aliyekuwa dereva wa lori la masafa marefu, akipiga simu, Chiriku alisema, "Mzee anakusalimia, anasema yuko salama na anataka uje na viatu." Shuleni, mwalimu wa Mzee alipotaka kumsikia akisoma, alimwita Chiriku aje kumsaidia, na msaada wenyewe ulikuwa kwamba Chiriku asome na Mzee asimame kando yake ameshika kitabu.

Watu walimsifu. Walisema dada kama huyu ni baraka, na kwamba mvulana yule angekuwa wapi bila yeye. Chiriku alizipenda sifa hizo, tusifichane. Alipenda kuhitajiwa. Mara nyingine Mzee alikunja uso kuonyesha kwamba sivyo alivyotaka kusema, lakini kufikia hapo Chiriku alikuwa ameshavuka mbali, na nani angemrudisha nyuma? Mama naye aliamini kigugumizi kitaisha chenyewe mtoto akikua, kama meno ya utotoni yanavyong'oka. Hakuna aliyemtakia Mzee mabaya. Nyumba nzima ilimpenda, na nyumba nzima ilikuwa imeacha kumsikiliza.

Mwishoni mwa juma moja, mke wa fundi saa alikuja na gauni la hariri, rangi ya zambarau iliyoiva, limefungwa katika kitambaa cheupe. Lilikuwa la marehemu mama yake. Binti yake alikuwa anamaliza chuo, na alitaka kulivaa siku ya mahafali ili bibi yake naye awepo kwa namna yake. Mke wa fundi saa alilikabidhi kwa mikono miwili. "Mama Chiriku," alisema, "cha mama nilichobaki nacho ni hiki tu. Ndiyo maana nimekuletea wewe." Mama alilifua mwenyewe kwa maji baridi, akalianika kivulini, hakumruhusu mtu kulisogelea.

Sasa, pasi ya nyumba ile ilikuwa na kichwa kigumu. Kile kitufe cha kupunguza moto kilikuwa kimekufa zamani, kwa hiyo ilijua jambo moja tu, kuwaka. Mama aliiweza kwa sababu aliijua tabia yake. Aliichomoa, akaiacha ipoe, akaidondoshea tone la maji na kusikiliza linavyochemka, akajua kama ni moto wa jinzi au moto wa hariri. Chiriku alikuwa ameruhusiwa mashuka na sare za shule peke yake, na jambo hilo lilimuudhi. Alijiona mkubwa.

Kesho yake alasiri mama aliitwa nyumba ya wageni kuchukua mashuka. Chiriku alikuwa uani anaanika, anaimba kwa sauti ya juu, hasikii. Mama akamshika Mzee bega akamwambia, "Mwambie dada yako lile gauni la hariri asiliguse. Nitalipiga pasi mimi nikirudi." Mzee aliitikia kwa kichwa. Aliweka mikono nyuma akaenda kusimama karibu na meza, kwa sababu ujumbe ulikuwa mzito na hakutaka uanguke.

Chiriku alipoingia, pasi aliyoiwasha kwa ajili ya sare ilikuwa tayari moto na gauni linaning'inia ukutani.

"Da-da-dada," Mzee alianza. "M-mama amesema lile g-g-g..."

"Gauni," Chiriku alimalizia huku akijifuta mikono. "Lile gauni lipigwe pasi. Haya, nimesikia."

Mzee alitikisa kichwa. "A-a-a..."

"Anarudi sasa hivi. Ndiyo maana nafanya haraka." Alikuwa ameshalitoa ukutani na kulitandaza mezani, na moyo wake ulikuwa umechanua, kwa sababu hatimaye mama alikuwa amemwamini na hariri. Mzee alimvuta mkono wa blauzi. Chiriku alidhani anataka kujaribu pasi yeye, akamsukuma kando taratibu na kumwonya kwamba atajiunguza. Kisha akaweka pasi juu ya gauni, kifuani, mahali panapoonekana na kila mtu.

Hariri haiungui kama pamba. Ilinuka kama nywele zinazoungua, ikajikunja, ikang'ang'ania chini ya pasi. Chiriku alipoivuta, palibaki alama ya kahawia yenye umbo lilelile la pasi, na katikati yake pakatoboka. Aliitazama, pasi bado mkononi. Mzee aliketi sakafuni akafunika macho.

Mama aliporudi, harufu ilimpokea mlangoni. Aliweka furushi la mashuka chini. Hakupiga kelele, ingekuwa afadhali angepiga. Alichukua gauni, akaingiza kidole katika lile tundu. Halafu akamgeukia Mzee.

"Nilikupa maneno umpe dada yako. Ulimpa?"

"Ni-ni-ni..." Mzee alisema.

Neno lilikuwa limekwama, shingo imekaza, machozi yanammwagika. Mama alikuwa amesimama na gauni mkononi, amechoka, amechanganyikiwa, anangoja. Na Chiriku alilijua neno lile. Alikuwa amelijua tangu harufu ilipompanda puani: nilimwambia. Safari hii hakuhitaji kubahatisha. Aliliona linakuja, na aliona linakuja kwake.

"Anasema alisahau," Chiriku alisema.

Maneno yenyewe yalitoka laini, kwa sauti ileile aliyotumia siku zote dukani na kwenye simu. Mama aliyapokea kama alivyoyapokea siku zote. Mzee alimtazama dada yake. Kisha akafunga mdomo, polepole, na uso wake ukatulia kama mtu aliyeacha kugombana na mlango.

Mke wa fundi saa alipoelezwa alilia, akakataa chai, akakataa fidia, akakunja gauni lake katika kitambaa kilekile akaondoka. Lakini machungu hayakai tumboni peke yake. Sokoni na msikitini, kanisani na kwenye foleni ya maji, habari ilienea kwamba kwa dobi kuna kijana asiyeweza hata kubeba ujumbe kutoka chumba hadi chumba. Watu waliongeza chumvi kama kawaida yao. Wakasema kumbe ulimi na akili huenda pamoja. Mama, kwa kuogopa kupoteza wateja, alimwondoa Mzee kwenye kazi ya nyuzi. Alimwambia kwa upole kwamba apumzike kwanza, lakini mtoto anajua tofauti ya kupumzishwa na kuondolewa.

Tangu siku ile Mzee hakusema tena. Hili lilikuwa jambo kubwa, na ni aibu kusimulia kwamba hakuna aliyeligundua. Wangeligunduaje? Chiriku aliendelea kusema. Mezani alisema Mzee ameshiba. Kwenye simu alisema Mzee anamsalimia baba. Darasani alisoma ukurasa wa Mzee huku Mzee ameshika kitabu. Sauti ya mvulana ilikuwa imezimika, na pale ilipokuwa palikuwa pamejaa sauti ya dada yake, kwa hiyo hapakuonekana pengo.

Chiriku peke yake ndiye aliyejua. Zamani Mzee alimpa walau silabi ya kwanza, naye akajenga juu yake. Sasa hakupewa hata hiyo. Kumbe zamani alikuwa akimalizia, na sasa alikuwa akibuni. Kila siku alipanga kumwambia mama ukweli, na kila siku ule ulimi usiokwama kwa lolote ulikwama kwa hilo moja. Alimpa mdogo wake kipande chake cha mkate. Mzee alikipokea, akashukuru kwa kichwa, akala. Chiriku angefurahi zaidi kama angemtupia usoni.

Kisha shule yao ikachaguliwa kwenda kushindana midahalo katika mji mwingine, na bila shaka Chiriku alikuwa msemaji wa kwanza. Aliondoka kwa juma zima. Aliporudi na cheti chake, alimkuta mama ameketi kwenye kiti cha wateja, jambo asilolifanya mchana, na mashuka yamerundikana bila kukunjwa.

Mama alimweleza bila hata kuuliza habari za safari. Mzee hakuwa amesema neno lolote tangu Chiriku aondoke. Baba alipopiga simu mama alimpa, naye akaishika sikioni kimya mpaka baba akadhani mtandao umekata. Mama alikuwa amekwenda shuleni, na mwalimu naye, baada ya kufikiri, alikiri kwamba hakumbuki lini alimsikia mara ya mwisho. Ndiye aliyemwambia kwamba hospitali kubwa kuna mtaalamu wa usemi anayesaidia watoto wenye shida za kusema na kusoma. Alijua habari hizo siku nyingi. Hakuzitaja kwa sababu, kama alivyosema akitazama chini, aliona mtoto ana dada.

"Imeanza ulipoondoka," mama alisema. "Amekukosa."

Chiriku alijua kwamba haikuanza alipoondoka. Alifungua mdomo aseme, akasema amechoka na safari.

Walikwenda watatu. Kwenye benchi la ukumbini walikaa karibu na bibi mmoja na mjukuu wake wa kike, aliyekuwa akiona herufi zinabadilishana mahali kila anapotaka kusoma. Bibi alikuwa mchangamfu lakini habari yake haikuwa ya kuchekesha. Alisema mjukuu huyo alichapwa kwa uvivu miaka mingi, na wa kwanza kumchapa alikuwa yeye bibi. Sasa anasoma kwa kufuatisha kidole, kwa vipande vifupi, na anapenda. "Ningejua," bibi alisema, na hakuendelea. Mama alimtazama Mzee kwa muda mrefu.

Mtaalamu wa usemi alikuwa mwanamke mnene mwenye miwani iliyofungwa kamba shingoni. Alimsalimia Mzee kwanza kabla ya wakubwa, akamuuliza anapenda kufanya nini nyumbani.

"Anapenda kupanga nguo kwa rangi za nyuzi," Chiriku alijibu. "Anazijua zote."

"Asante, binti. Sauti yako nimeisikia, nzuri sana," mtaalamu alisema. "Sasa natafuta ya kwake."

Akangoja. Mzee hakujibu. Mtaalamu aliendelea kungoja bila kuonyesha kwamba anangoja, akimtazama kwa uso wa kawaida, kama watu wanaoota jua pamoja. Chiriku alihisi kimya kile kinamtambaa mgongoni. Hakuwa amewahi kukaa ndani ya kimya kirefu kiasi kile bila kukijaza. Mzee hakusema siku hiyo, na mtaalamu hakukasirika.

Badala yake alizungumza na mama. Alimweleza kwamba kigugumizi si ujinga, si woga, wala si ukaidi. Wako madaktari, mafundi na walimu wenye kigugumizi. Wengine hupungukiwa nacho wakipata msaada mapema, wengine huishi nacho na kusema yote wanayotaka kusema, mradi wapate wa kuwasikiliza. Kumwambia mtoto atulie au avute pumzi ni kumwongezea mzigo. Kumtolea neno mdomoni ni kumfundisha kwamba neno lake halistahili kungojwa.

"Mimi nilikuwa namsaidia," Chiriku alisema, na sauti ilimtetemeka.

"Najua ulimsaidia. Mtu akichechemea, ukambeba mgongoni kila siku, kufika atafika. Lakini miguu yake itapata nguvu lini?"

Wakaanza kwenda hospitali kila juma. Mtaalamu alimfundisha Mzee kuanza neno kwa ulaini bila kulisukuma, na kutolikimbia neno gumu. Nyumbani kulikuwa na kazi pia. Kila jioni mama aliweka pasi chini, wakasoma kitabu kimoja kwa pamoja, sauti zote kwa wakati mmoja. Hapo mwanzoni Mzee alichezesha midomo tu. Jioni moja Chiriku alisikia, pembeni ya sauti yake mwenyewe, sauti nyingine nyembamba ikitembea sambamba, bila kukwama. Alitaka kuacha kusoma ili aisikie vizuri, lakini angeacha na yenyewe ingeacha, akaendelea kusoma huku machozi yanadondokea ukurasa.

Baadaye Mzee akaanza kumsemesha mama, maneno machache, kwa taabu, na mama akajifunza kumtazama na kungoja hata maji ya mashuka yakipoa. Mwalimu naye alifundishwa. Aliacha kumwita Chiriku, na akamruhusu Mzee kusoma na mwenzake kwa sauti moja. Mambo yalikuwa yanakwenda vizuri, na kila mtu aliliona hilo. Ila Chiriku hakusemeshwa. Mzee hakumnunia wala hakumkwepa. Hakuwa na neno kwake, basi.

Siku moja hospitalini mtaalamu alimuuliza Mzee kama kuna jambo lolote ambalo amekuwa akitaka kulisema kwa muda mrefu. Mzee alifikiri, mikono nyuma ya kiti. Akaitikia kwa kichwa.

"S-s-s..." alisema.

Chiriku alilijua. Alilijua kama alivyojua yote ya mdogo wake. Angeweza kulidaka. Angeweza kusema anasema asante, au anasema sijui, na pengine wangemwamini tena. Mama aliegemea mbele. Mtaalamu hakusogea. Chiriku alifunga mdomo wake mpaka taya zikauma, akamtazama mdogo wake usoni kama walivyofundishwa, akangoja neno limfikie.

"S-s-si... sikusahau," Mzee alisema.

Mama hakuelewa. "Hukusahau nini, mwanangu?"

"G-g-gauni. Ni-ni-nilimwambia."

Mzee alikuwa amemaliza. Sasa maneno yaliyobaki yalikuwa ya Chiriku, na yalikuwa magumu kuyatoa hata kwa mtu asiye na kigugumizi.

"Alikuwa ananiambia, Mama. Sikumngoja amalize. Halafu ulipomuuliza, nilijua anataka kusema nini. Nikasema kingine."

Mama alikunja na kukunjua pindo la kanga yake. Chiriku alingoja kofi la maneno, na alilitaka. Lakini mama alipozungumza, alizungumza kama mtu anayejisomea hukumu mwenyewe.

"Umekosa, tena kosa kubwa, na tutalizungumza. Lakini sikukuuliza wewe siku ile. Nilimuuliza yeye, nikapokea jibu lako. Hilo ni langu." Akamshika Mzee mkono. "Nisamehe, baba. Nilikuwa na nafasi ya kungoja, sikungoja."

Kutoka hospitali hawakwenda nyumbani. Walikwenda kwa mke wa fundi saa. Alikuwa mlangoni anachambua mchele, akawakaribisha bila tabasamu. Chiriku alimwamkia, akasimama, akasema yote, kuanzia pasi hadi uongo, na kwa mara ya kwanza maishani hakuongeza neno la kupamba. Alipomaliza, yule mama aliweka ungo kando.

"Gauni nilishalilia, nikamaliza," alisema. "Mwenyewe amekufa, na gauni halisikii. Lakini huyu mtoto anasikia. Nimemsema sokoni, nimemsema kwa jirani, nimesema ana kichwa kitupu. Sasa nitapita nyumba kwa nyumba kuyaokota maneno yale?"

Jibu lilijulikana. Maji yakimwagika hayazoleki. Yule mama alimwomba Mzee msamaha, kwa unyenyekevu wa mtu mzima aliyeona aibu kweli, na Mzee akafungua mdomo. Walingoja wote watatu. Kuku alipita miguuni mwao, akarudi, akapita tena.

"P-p-po... pole kwa g-gauni la mama yako," Mzee alisema.

Mke wa fundi saa alijifuta macho na ncha ya ushungi. Tangu siku ile alikuwa ameelezwa mengi: sababu, ahadi, fidia. Chiriku, mwenye maneno ya kuazima watu, alisimama pale akahesabu yote aliyoyasema tangu gauni liungue, na hilo moja la pole hakuliona mle.

Njiani mama alitembea katikati, amewashika mikono wote wawili. Alimwambia Chiriku kwamba kuanzia kesho Mzee anarudi kwenye nyuzi zake, na Chiriku ndiye atakayepeleka nguo kila nyumba, na kila nyumba aliposemwa vibaya mdogo wake, atasimama aeleze ukweli kwa mdomo wake mwenyewe. Wengine wataamini, wengine hawataamini, na huo ndio ubaya wa uongo, kwamba anayeuanzisha hana uwezo wa kuumaliza. Kisha akasema jambo ambalo Chiriku alilikumbuka hata alipokuwa mtu mzima.

"Mtu akisema kwa taabu, mwanangu, kila neno lake limemgharimu. Ukimnyang'anya kabla hajalifikisha, umemwibia hata kama nia yako ni njema. Msaada wa kwanza ni kumngoja. Ukishindwa kungoja, utakuwa unasikia sauti yako tu na kudhani ni ya kwake."

Chiriku alimtazama mdogo wake kwa upande wa pili wa mama, akamuuliza, kwa sauti ndogo, kama amemsamehe.

Mzee alifikiri. Akaanza neno, "B-b-b...", na Chiriku, aliyezoea kujua maneno yake yote yanakoishia, hakujua hili linaishia wapi. Aliogopa. Akasimama barabarani, akamtazama usoni, akangoja.

"B-bado," Mzee alisema.

Lilikuwa jibu lake, kamili, na halikumaliziwa na mtu. Machozi yalimtoka Chiriku, akamwangalia mama kana kwamba mama angeweza kulibadilisha.

"Umemsikia," mama alisema. "Hakusema hapana. Mngoje na hapo pia."

Wakaendelea kutembea, kwa mwendo wa Mzee.